Mwalimu Kipngeno arap Maritim, Aliyenyimwa Daktari kwa Sababu ya Kidole

Baba, Alhamisi hii mwaka unatimia tangu utoke hapa Sosiot ukiwa hai, ukarudishwa ukiwa umefunikwa blanketi la jirani.

Tunakukumbuka asubuhi ukichuma chai na redio ndogo mfukoni. Hata baada ya kustaafu ualimu mkuu, ng'ombe ulimkama mwenyewe. Hukuweza kumpita mtoto aliyeshika kitabu bila kumuuliza, "Umesoma nini hapo?" Ugali ulikula ukiwa umesimama. Mama alikugombeza miaka arobaini na moja na hukubadilika.

Serikali ilipotangaza kwamba kila mtu lazima ajiandikishe kwa bima ya afya, watu walikasirika. Kwenye baraza ya chifu jirani yetu Nyamoita alisimama, akauliza, "Mwalimu, ni katiba gani inaruhusu nilazimishwe?" Ukatoa kijitabu chako. Ulisema kifungu cha arobaini na tatu kinampa kila mtu haki ya afya, na serikali haiwezi kuitimiza haki hiyo kama sote hatuchangii. Halafu ukasoma sehemu ya pili: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

"Wakitulazimisha kuingia," ulisema, "na wao wamelazimika kutupokea."

Nyamoita alijiandikisha siku hiyohiyo. Wewe ulikuwa umejiandikisha wa kwanza.

Siku ile ya mwisho, saa nane mchana, mashine ya kukatia ng'ombe majani ilikukata mkono wa kulia. Nyamoita alikupakia kwa pikapu, binti yako Fancy akikaza taulo kwenye kidonda. Katika hospitali ya kibinafsi iliyo karibu, karani alitaka kidole chako ili sistimu ya bima ikutambue. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya taulo, damu inadondoka. Wa kushoto ulijaribiwa mara sita, mashine ikakataa, maana chai ilikuwa imefuta alama za vidole vyako zamani. Akaitwa meneja, Kimeli. Mtu wa kanisa letu. Uliyemfundisha darasa la pili.

"Sistimu ikikataa, lazima mlipe kwanza ndio daktari aje," alisema.

"Kimeli, kifungu cha arobaini na tatu, sehemu ya pili. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma."

"Mwalimu, hapa si baraza."

Dakika hamsini ulikaa kwa benchi. Tulipokutoa kukupeleka Kericho mjini, ulikata roho njiani, kichwa chako kwenye mapaja ya Fancy.

Baada ya mazishi Kimeli alituma wazee watatu wa kanisa waje kumwombea msamaha. Mama aliwamiminia chai. "Kunyweni," akasema. "Lakini atakayetaja jina la aliyewatuma aweke kikombe chini aende." Wakanywa, wakaongea habari za mvua. Wakati wa kuondoka mmoja akanong'ona kwamba kisasi ni cha Mungu.

"Mungu ana kazi nyingi," Mama akamjibu. "Hii nitamsaidia."

Tukaenda Mahakama Kuu. Wakili wa hospitali alisema sheria inawalazimisha wananchi kujiandikisha, lakini hailazimishi hospitali ya mtu binafsi kumtibu ambaye sistimu haijamtambua. Jaji akamuuliza, "Nguvu ya kuwalazimisha wananchi inatoka wapi?"

"Kifungu cha arobaini na tatu, mheshimiwa."

"Basi kisome mpaka mwisho."

Akasoma, Baba, kwa sauti ya mtu anayemeza mchanga. Na Kimeli alikuwa amekaa nyuma yake, anasikia kila neno.

Jaji aliamua kwamba haki hizo zinamfunga kila mtu, hospitali ya kibinafsi pamoja. Tukashinda. Wiki iliyofuata Kimeli alifutwa kazi. Tulifurahi, na hatuoni aibu kuandika hivyo.

Haijatosha. Kumnyima matibabu mgonjwa wa dharura ni kosa la jinai. Faili yetu ilipotea polisi mara tatu, na mara tatu Fancy akaiandikisha upya. Sasa Kimeli anasimama kizimbani. Kila siku ya kesi Mama anakaa benchi la mbele, mahali ambapo Kimeli hawezi kuinua macho bila kumwona. Kimeli amehama kanisa letu, anasali Sigor siku hizi. Mwanao Kiplangat amempelekea pasta wa huko nakala ya hukumu.

Mwezi uliopita Kimeli alimfuata Mama nje ya korti. "Mama, nihurumie. Nina watoto."

"Na mimi nilikuwa na mume," Mama akasema. "Tuonane tarehe tisa."

Unakumbukwa na mke wako Rebeccah, watoto wako Fancy na Kiplangat, wajukuu wako wanne, na Nyamoita, ambaye atatoa ushahidi hiyo tarehe tisa.

Pumzika, Baba. Sisi hatujapumzika. Siku zote za maisha yetu hatutakusahau, na Kimeli hatutamruhusu akusahau.