Maneno ya Kugongea Meza

3 Februari

Mama mpenzi,
Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila maziwa yamejaa na mnyonyaji yuko kwako. Kazi nimepata, kupiga pasi mashuka ya hoteli. Msimamizi kasema nyuma kuna chumba cha watoto, miezi mitatu ikiisha nimlete Kibonge. Kasema kwa Kiingereza, anagonga meza: "Trasti mi!" Karani akanieleza, maana yake niamini. Akaongeza na jingine, eti hata mbingu zianguke. Mama, mtu hasemi hivyo bure!
Mwanao

20 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Mgongo na mimi tumeshazoeana. Kibonge kaota meno mawili na kashaning'ata. Huyo msimamizi simwelewi. Mwenye chumba hukufungulia mlango ukaona, hagongi meza. Wewe umekiona?
Mama yako

6 Mei

Mama,
Shikamoo. Nisamehe kimya, niliona aibu kukujibu kwamba sijakiona. Leo nakuandikia kwa hasira. Nimemwambia msimamizi namleta mtoto, kacheka! Kasema Kiingereza chake, karani akainamisha kichwa. Nikambana karani anieleze. "Eti labda apite juu ya maiti yake." Mtoto wa miezi minane apite juu ya maiti ya nani? Chumba chenyewe kimejaa madumu ya sabuni mpaka darini. Kumbe wenzangu wanne nao waliahidiwa, kila mtu na kiapo chake. Mmoja aliapiwa kwa kaburi la mama yake msimamizi, na mama huyo yu hai, kila Ijumaa anamletea mwanawe chakula! Watu gani hawa?
Mwanao

14 Mei

Mwanangu,
Pole. Hasira hasara, nakubali, lakini na unyonge una hasara yake. Kibonge anasimama akishika ndoo. Jana kaniita mama. Nimemkataza, hasikii.
Mama yako

25 Mei

Mama,
Shikamoo. Barua yako niliisoma chooni, nikalia, nikanawa uso. Jana saa ya kula sisi watano tukazima pasi, tukatoa madumu yote, tukayapanga mlangoni pa ofisi ya msimamizi. Akatoka anafoka, kiapo juu ya kiapo. Nikamwambia, "Bosi, mashuka yanatakiwa hotelini saa kumi, na pasi zimepoa." Akautazama mlima wa mashuka. Akatutazama. Akaruka dumu moja, akarudi ndani, akafunga mlango.

Chumba tumekideki. Kina dirisha. Leo wenzangu wawili wamekuja na watoto wao, na hakuna aliyefukuzwa. Mlete, Mama.
Mwanao

31 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Tunapanda basi la Jumapili asubuhi. Kibonge akikukataa usilie mbele yake, na usimnyang'anye mikononi mwangu. Kaa karibu tu, mtoto ana pua, atakujua.
Mama yako