Petroli ya Shemeji

Arua, Jumapili, 1977

Nimemkosea shemeji yangu, na si kidogo.

Mjini hakuna petroli, naye jana aliniletea dumu zima kutoka Koboko kwa baiskeli. Nilipowasha gari, injini ikakosakosa. Nikamwambia, mbele ya dada yake, mke wangu, kwamba ametia maji. Nikaimwaga yote shimoni.

"Mafuta iko safi, shemeji. Angalia waya kwanza," alisema, akaondoka bila kula.

Leo nimeangalia. Waya mbili za plagi zimepishana, kila moja iko mahali pa nyingine. Nilizirudisha mimi mwenyewe Ijumaa, baada ya kuzisafisha.

Nimezipanga. Kwa tone lililobaki kwenye tangi injini imeunguruma vizuri, kisha ikanyamaza.

Kesho naazima baiskeli. Koboko ni mbali, nitapata muda wa kutafuta maneno ya kumwomba radhi.