Waosha Mawe Waliosahauliwa

Mama mpenzi,

Salamu kutoka Kolwezi, penye joto na vumbi jekundu. Leo katika jumba dogo la makumbusho nimeona sanamu za watu wakiosha mawe ya shaba mtoni. Wote wanaume, tena na buti safi! Nikamuuliza mwongozaji mama zetu wako wapi. Akacheka: "Bamama balikuwa banaleta bukari ya kula tu, tata."

Mimi ninayeogopa hata kubisha mlango wa mkuu wangu wa kazi nilipaza sauti: "Mama yangu aliosha mawe haya, nikiwa mgongoni mwake!"

"Basi leta foto."

Nitumie ile picha uliyopigwa ukiwa ndani ya maji. Nitaipeleka mwenyewe. Mungu ayaponye magoti yako, yaliyoumia katika maji hayo.

Mwanao,
Ilunga