Nilisema Ningu Wameshuka

Jumanne, 1 Aprili 2014. Riyadh
Vyoo vinne, ngazi, kisha jikoni. Madam kaleta samoni tena, vipande vya waridi visivyo na kichwa wala tumbo. Binti yake anasema samaki huyu hupanda mto kwenda kutaga. Nikamwambia hata kwetu Sondu tunaye wa hivyo, ningu. Masika yakianza anatoka ziwani, anapanda, anataga, anashuka. Akacheka. Hakuamini. Shauri yake.

Ijumaa, 4 Aprili
Siku ya simu. Madam hunipa saa moja baada ya chakula cha mchana, halas, anaichukua. Kaka yangu Ouma katuma sauti: mto umejaa, ningu wamefika. Kikundi chetu cha wavuvi kimetoa mitego yote majini. Hairudi mpaka ningu washuke, na anayesema wameshuka ni mimi. Kazi hiyo aliniachia mama. Unamshika samaki, unambonyeza tumbo. Likiwa gumu mayai yamo, mrudishe. Likilegea ameshataga, watu wavue.

Nilipokuja huku sikumfundisha mtu. Nilisema miaka miwili si mingi. Kiburi tu.

Jumatano, 9 Aprili
Pasi kutwa. Sikuhisi kitu. Hata mkono ulipoungua nilichelewa kuutoa.

Ijumaa, 11 Aprili
Video ya Ouma. Ningu mmoja mkononi mwake, mwembamba. "Sista, watu wana njaa, wanakuuliza. Wameshuka?" Zilibaki dakika tano na madam yuko mlangoni, yalla, yalla, fanya haraka. Nikatazama mara mbili. Tumbo bapa. Nikajibu: wameshuka, wekeni mitego.

Nikaosha masufuria. Mikono ikiwa kwenye povu ndipo nikakumbuka sikumwambia abonyeze. Nikaomba simu. Mafi, hakuna, kasema madam. Ijumaa.

Jumapili, 13 Aprili
Dume pia ni mwembamba. Na madume ndio hutangulia kupanda. Hilo nalijua tangu mtoto. Jameni, hilo nalijua.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimeomba simu tena. Nimepiga magoti. Anadhani nina mwanamume.

Ijumaa, 18 Aprili
Ijumaa Kuu. Kanisa hakuna. Picha saba kwenye simu. Mabeseni yamejaa majike, mayai yanamwagika kama uji wa mtama. Watu wetu wa bondeni walikula siku tatu. Watu wa juu hawakuona hata mkia, na huko juu kwenye nyasi zilizofurika maji ndiko wanakotaga. Ouma anasema hata korongo wamesimama siku mbili wakangoja, kisha wakaenda zao. Fisi maji haonekani.

Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana. Mwaka huu hakuna vifaranga wa ningu mtoni, na ni mimi. Mama hakujua kuandika jina lake lakini hakukosea hata msimu mmoja. Najichukia. Nimeliandika hilo na bado silisikii popote mwilini.

Jumamosi, 19 Aprili
Vyoo. Ngazi. Sikula.

Alhamisi, 24 Aprili. Jeddah
Tuko kwa mama yake madam kwa wiki mbili. Joto linanata. Bibi huyu hana habari na simu yangu, nakaa nayo mfukoni.

Asubuhi Ouma aliuliza, kwa upole kabisa: "Sista, mwakani tukuulize tena?" Afadhali angenipiga kofi. Nilifuta vumbi sebule nzima kabla ya kumjibu. Nikamwambia wamuulize Akoth, mke wake. Yeye yuko pale mtoni kila siku, miguu majini.

Nikamrekodia Akoth yote. Kidole gumba kikae wapi. Usibonyeze kwa nguvu. Usimwamini mmoja, shika kumi. Dume alivyo. Usikubali kuharakishwa na mtu. Sauti yangu ilikuwa kavu, ya kusoma orodha ya sokoni. Akoth akajibu, "Nimesikia, dada."

Kisha nikajitoa kwenye grupu la mto, lile la kwenye simu. Bibi akaita, anataka maji ya kutawadha. Nikampelekea.