Bawa Lililofika Sirisia

Kukhu, bibi yangu,

Ndege yetu imeruka. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa, lakini Mjomba Simiyu amenishinda. Nasikia alikuja kaburini kwako jioni ile ile akakueleza kila kitu. Basi nisikilize na mimi.

Ulipotuacha, chuo kikuu kilikuwa kimenipigia simu nije intavyuu ya ile kazi ya utafiti, idara ya uhandisi wa ndege na nishati. Tulikuzika Ijumaa, na intavyuu ilikuwa Jumatatu. Nikasema siendi. Mjomba, yule yule aliyekuwa akikuambia usinisomeshe mambo ya ndege, ati msichana afanye ualimu tu, ndiye aliyenipigia nguo pasi. "Naliaka, enda. Mama angenichapa nikikuacha ukae hapa."

Nikaenda, macho yamevimba. Profesa mmoja akaniuliza kama nimewahi kupanda ndege. Nikamjibu sijawahi, ila nimeunda kadhaa, na karibu zote zimeanguka kwenye mahindi ya bibi yangu. Wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikalia mbele yao. Nilidhani nimeharibu. Wakanichukua.

Kazi yangu ikawa mabawa. Tunaunda ndege ndogo isiyo na rubani, inayotumia umeme wa jua, ya kupeleka dawa kwa zahanati ambazo hazifikiki mvua ikinyesha. Barabara hizo unazijua. Moja ndiyo iliyotuchelewesha na wewe siku ile… Wacha niendelee.

Bawa la kwanza lilivunjika Kitale, upepo wa Mlima Elgon ukalikunja kama karatasi. La pili pia. Wakubwa wakasema tujaribu mara moja tu zaidi. Ikianguka, mradi unafungwa na sisi tunaenda nyumbani. Nikalirefusha bawa, nikaliongezea mbavu ndani. Wenzangu wakasema litakuwa zito. Nikang'ang'ana.

Jumatano iliyopita wenzangu wakairusha kutoka Kitale. Mimi nilikuwa nimetangulia Sirisia, kwa uwanja wa shule, Mjomba kando yangu. Tukangoja. Wingu likafunika mlima, na Mjomba akaanza kuomba kwa Kibukusu. Watoto ndio walioiona kwanza, wakanyoosha vidole juu ya mikaratusi. Ilikuja polepole, imenyooka, ikazunguka uwanja na kutua kwa nyasi kama kuku anayerudi kwa mayai yake.

Nikakaa chini pale pale. Akina mama waliotoka sokoni wakauliza, "Hiyo kitu ni ya nani?" Mjomba akawajibu kwa ile sauti yake ya kanisani, "Ni ya mjukuu wa Nasimiyu. Si mnamkumbuka? Yule mama alikuwa anauza maharagwe hapa." Nikasikia jina lako likipita kwa watu wote wale, Kukhu, na wakapiga vigelegele.

Jana nimepewa kazi ya kudumu, na wanafunzi wangu mwenyewe. Wananiita Daktari hata kabla sijamaliza hayo masomo ya uzamivu.

Safari hii ndege ilibeba mfuko wa mchanga tu. Nakuahidi, kabla mvua ya masika ijayo haijaisha itakuwa inabeba dawa yenyewe, na kukhu wa mtu mwingine ataipata mapema, apone, arudi kupalilia shamba lake.

Mulembe, amani kwako, Kukhu. Lala vizuri.

Wako,
Mhandisi Naliaka