Baba Duke Aliyeuzima Moto wa Vipepeo

Joyline, acha kwanza kusonga ugali usome haya. Baba Duke ameuzima moto wa vipepeo!

Ndiyo, moto ule ule. Wataalamu walimwomba ruhusa wachome nyasi kuukuu kilimani kwetu, ili machipukizi yaote na wale vipepeo wanaokaribia kutoweka wapate pa kutagia mayai. Alikubali mwenyewe, tena akauombea baraka!

Leo ameona moshi, akasahau yote. "Omorero! Moto! Tokeni!" Kijiji kizima kikamfuata na matawi mabichi, wakaupiga mpaka ukafa.

Bochaberi, msimamizi wa uchomaji, alisimama pale uso umejaa masizi. "Baba, tumengoja siku tulivu kama hii mwezi mzima. Mvua ikitutangulia, vipepeo watataga wapi?"

"Nilidhani ni moto mwingine."

Moto mwingine, Joyline! Kilima ni kile kile!

Imebidi auwashe tena kwa mkono wake, kisha akazilinda kingo usienee, kwa tawi lile lile alilouzimia, hadi nyasi zote zikateketea.

Sasa nimewasha jiko, naye anauchungulia moshi. Nimemwambia, "Baba Duke, huu ni wa chai. Ulishauruhusu."