Kofia ya Kalamu ya Mwanga

Kambini, Geita

Kaka, Kabula kaajiriwa! Kazi ya kudumu, na kompyuta haiondoki hapa!

Sasa shikamoo. Natumai goti lako limepoa na mvua imewafikia huko Tinde. Sisi wazima, vumbi tu ndilo linatusumbua.

Ulisema binti yangu akikosa kazi hii utapokea ng'ombe wa yule mchumba, aolewe. Basi sikiliza ilivyokuwa.

Kalamu anayofanyia kazi inaitwa kalamu ya mwanga. Haina wino. Imefungwa kwa waya kwenye mashine, ndiyo hiyo kompyuta, na mashine ina kioo kama kidirisha kinachowaka kwa ndani, kina ramani ya miamba ya huku. Kabula akigusa mstari kwa kalamu, mstari unasogea. Mimi nilidhani inamulika kama tochi. "Hapana, mama," akaniambia, "haitoi mwanga, inauona. Hapa nchani ndipo jicho lake."

Na kitu cha thamani hakikai uchi. Redio yako wewe, nani aliifumia kitambaa? Nikaifumia kalamu kofia ya uzi mwekundu, vumbi lisiingie jichoni.

Jumatatu akaja mkubwa kutoka Dar es Salaam kuamua kama kompyuta ibaki na Kabula au irudi kwa mafundi wa mjini. Mimi ndiye ninayewapikia chai hapa kambini, kwa hiyo nilikuwa mlangoni. Kabula akaivua kalamu kofia, akagusa kioo. Mstari haukusogea. Akagusa tena. Wapi!

"Imekufa hiyo," mkubwa akasema, akaanza kufunga mkoba wake.

"Haijafa, mzee. Haioni."

Akaigeuza kalamu, akachomoa pini kwenye nywele, akatoa kinyuzi chekundu kilichoziba jicho. Alipogusa kioo, mstari ukamfuata kama ndama.

Mkubwa akaiokota ile kofia. "Nani kafuma hii?"

"Mimi mama yake," nikajibu, birika mkononi.

"Mama, bado kuivalisha miwani!" Wakacheka wote. Kisha akamgeukia Kabula: "Kazi umeipata. Ila kofia ibaki nyumbani."

Kwa hiyo mwanangu kaonekana kwa uzi wangu, anayebisha abishe. Sasa nafuma kitambaa cha kufunika mashine nzima. Kabula hajui.

Nisalimie wifi yangu, mwambie sufuria yake kubwa naihitaji. Msalimie mama yetu, asomewe barua hii taratibu, mara mbili akitaka. Na yule mwanao fundi baiskeli, mwambie dada yake sasa ana ofisi.

Ng'ombe wa watu usiwapokee. Lakini wenye ng'ombe wenyewe waje pamoja nanyi, wamwone Kabula akiwa kazini kwake, halafu wamuulize yeye mwenyewe kama anataka kuolewa.

Mimi dada yako,
Mama Kabula

Chakula kitakuwepo. Nawangoja nyote Jumatatu ya Pasaka.